Vijiti vya Mama Jeptoo

Sisi tuliolelewa Eldoret enzi za maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni, wale wa kung'ata kona ya pakiti na kunyonya hadi ilie, tukikutana leo hatuishiwi na stori. Mmoja ataanza na kati, ule mchezo wa kurushiana mpira wa makaratasi ya nailoni. Mwingine ataleta habari za bano, zile gololi, na blada ya kuruka. Wa tatu atadai yeye ndiye alikuwa bingwa wa magari ya waya katika mtaa wetu mzima wa Pioneer, na tutamwacha adanganye kwa sababu hata sisi tunadanganya. Zamu yangu ikifika, mimi huwaambia habari za vijiti.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Wote wawili walitoka kando ya ziwa, wakaja Eldoret kutafuta maisha kama nusu ya majirani zetu. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili, na nyuma yake palikuwa na uwanja mdogo wenye bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo. Kwa Baba, hapo hapakuwa nyumbani. Nyumbani kulikuwa kule ziwani kwa Dani, yaani nyanya yetu, mama mzazi wa Baba. Huku Pioneer tulikuwa kazini. Mimi nilizaliwa kazini, nikabatizwa kazini, nikaota meno na kuyang'oa kazini. Kila Desemba shule zikifungwa tulifunga mizigo tukaenda nyumbani, ambako mbu walitutambua kuwa wageni kabla hata hatujashuka kwenye basi.

Ndiyo maana Baba alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: hapa hatupandi mti. Sukuma wiki, sawa. Vitunguu na majani ya dania, sawa, kwa sababu ukihama kesho huachi kitu cha maana nyuma yako. Lakini mti?

"Nipande mti hapa, watu wa nyumbani waseme nini?" alikuwa akisema. "Kwamba nimepotelea huku?"

Sokoni Mama alikaa karibu na Mama Jeptoo, mwanamke wa Ainabkoi aliyeleta viazi, na wakati mwingine mursik, maziwa yao ya mgando, ndani ya kibuyu. Wale wawili walikuwa marafiki wa ajabu. Kiswahili cha mmoja kilikuwa na Kijaluo ndani, cha mwenzake kilikuwa na Kikalenjin, na bado walielewana kuliko watu waliozaliwa tumbo moja. Desemba moja, kabla tu hatujasafiri, Mama Jeptoo alimletea kikapu cha mapichi kutoka kwa mti wake.

Nyinyi mnaonunua matunda yaliyobandikwa stika hamwezi kujua. Pichi lile lilikuwa na manyoya laini yanayowasha kidogo midomoni, kisha unang'ata na maji yanateremka mpaka kwenye kiwiko. Tulilamba viwiko. Ndugu yangu mkubwa, Odhiambo, alilamba hadi kiwiko changu. Mama alikula moja polepole, akaweka kokwa yake mfukoni mwa aproni, na nikaona macho yake yamebadilika.

"Ngoja Julai," Mama Jeptoo alimwambia. "Baridi ikikuja, miti inamwaga majani, inalala. Ikilala ndio unachimba. Haisikii."

Julai ilikuja na baridi yake ya Eldoret, ile ya kuvaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Jioni moja Mama alirudi na gunia bichi limefungwa kwa kamba. Tulirukaruka tukijua ni mti wenye majani, labda hata una tunda moja la kuonjesha. Akafungua. Ndani kulikuwa na vijiti vitatu. Vijiti vikavu, virefu kama fimbo ya mwalimu, bila jani, bila punje ya udongo, mizizi iko uchi kama ndevu za mzee. Odhiambo alicheka hadi akakaa chini. Mama hakucheka. Aliagiza vibaki ndani ya gunia lililoloweshwa hadi kesho yake, Mama Jeptoo atakapofika, kwa sababu mizizi ya aina hiyo ikikauka imekufa.

Kisha akaenda kwa jirani kuazima jembe. Alimwacha nani nyumbani? Baba, ambaye alitoka kazini amechoka, akakuta gunia kwenye veranda, akalifungua na kusikitika. Sisi tulikuwa nje tukicheza kati na hatukuona lolote. Tulichosikia ni sauti ya Mama aliporudi, sauti ambayo nina hakika ilifika hadi mjini.

"Baba Odhi! Umefanya nini?"

"Si kuni zilikuwa zimelowa?" Baba alisema, na alisema kwa upole kabisa, mtu anayengoja shukrani. "Nikaanza kukuanikia."

Kimoja kilikuwa kimelala kando ya jiko, mizizi imeanza kujikunja. Mama alikinyakua, akatumbukiza vyote vitatu kwenye karai la maji, halafu akakaa kando ya lile karai akilia. Sikuwahi kuona Mama akilia kwa sababu ya kitu ambacho si mtu. Baba alisimama pale na koti lake la kazi, akaangalia vijiti, akaangalia mke wake. Sheria yake ya miti hakuitaja usiku ule wala siku nyingine yoyote.

Mama Jeptoo alipokuja alitufundisha kila kitu, na sisi watoto tulimfuata kila hatua tukipigana vikumbo. Shimo liwe pana kuliko unavyodhani. Katikati unarundika udongo kama sima kwenye sahani, unakalisha mti juu yake, na mizizi unaitandaza ikishuka pande zote. Mbolea ya ng'ombe usiitie ndani, itaunguza. Itandaze juu, mbali kidogo na shina. Udongo ukirudi unaukanyaga, lakini kwa heshima, alisema, na Odhiambo akakanyaga kwa heshima sana, kama anaingia kanisani. Halafu mwanamke yule akachukua panga na, bila kutuonya, akakata kila kijiti kwa juu, kikabaki kimo cha goti. Tulipiga mayowe! Mti wenyewe hauna kitu, na hata hicho kidogo unakikata?

"Mizizi ni kidogo sasa," alisema. "Haiwezi kulisha mdomo mingi."

Kile kilichokauka alikigeuzageuza mkononi. Akamwita Baba, aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti.

"Hii ni yako, Baba Odhi. Mwenye alichoma ndio atauguza."

Baba alikipanda mwenyewe, karibu na bomba.

Sasa hapo ndipo raha ilipoanza! Kila asubuhi kabla ya shule tulikimbia kutazama. Mama Jeptoo alikuwa ametuonyesha kwamba ukikwaruza ganda kidogo kwa ukucha na kuona kijani, mti u hai. Kosa kubwa kutuambia hivyo. Tulikwaruza asubuhi, tukakwaruza jioni, tukaleta wenzetu wa darasani nao wakakwaruza, hadi Mama akagundua vijiti vyake vinabambuliwa na akatutangazia kwamba atakayevigusa tena atakwaruzwa yeye. Likizo ya Agosti ilipokaribia kwisha, Odhiambo akapiga kelele kutoka nyuma ya nyumba kama mtu aliyeumwa na nyoka. Kijiti cha kwanza kilikuwa kimetoa kidoa cha kijani, kidogo kuliko punje ya wimbi. Mama alitoka na unga mikononi, akapiga magoti kwenye matope, akapiga kigelegele. Majirani walikuja wakidhani tumepata mtoto. Cha pili kilifuata kabla ya shule kufunguliwa.

Cha Baba kilinyamaza. Baba alisema hajali. Lakini asubuhi wakati redio inatangaza Mtukufu Rais alikuwa wapi jana, tulimwona dirishani amechuchumaa karibu na bomba na kikombe chake cha chai, akikitazama kijiti kama anangoja kimsalimie. Alikizungushia matawi ya miiba kuzuia mbuzi wa jirani. Alikitandikia nyasi. Siku moja nilimkuta akikwaruza kwa ukucha, akaniwekea kidole mdomoni nisimwambie Mama. Na mwishowe, wakati sote tumeshakata tamaa, kikachipua chini kabisa, karibu na udongo. Baba hakupiga kigelegele. Alirudi ndani, akavaa shati la Jumapili na siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Miti ikakua. Mwaka wa tatu, majani hayajatoka, ikavaa maua ya waridi mwili mzima, na watu wa Pioneer wakawa wanapitia kwetu bila sababu. Maua yakawa matunda madogo ya kijani. Hapo Mama Jeptoo akaja tena na ukatili wake, akayapunguza, akiyatupa chini mengi ili yaliyobaki yapate nafasi ya kunenepa. Tuliyaokota tukayala hivyo hivyo na chumvi, tumbo likatukata, na hakuna aliyejuta. Na mti uliozaa kuliko yote ulikuwa ule wa Baba.

Kulikuwa na shida moja tu. Mapichi huiva Desemba, na Desemba sisi tunaenda nyumbani.

"Nyinyi nendeni," Mama alisema tulipoanza kufunga mizigo. "Mimi nabaki na miti yangu."

Baba aliweka chini kamba aliyokuwa akifungia sanduku. "Krismasi? Nifike kwa mama yangu bila mke? Nimwambie umebaki kulinda matunda?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Siku zilizofuata walizungumza kupitia sisi. Mwambie Baba chakula kiko tayari. Mwambie Mama nimesikia. Niliogopa. Kwetu, mwanamke asiyefika kwa mama mkwe Krismasi ni habari ya kijiji mwaka mzima, na mimi nilijua kabisa kwamba ndoa ya wazazi wangu inavunjika kwa sababu ya mapichi.

Asubuhi ya safari, mizigo iko mlangoni na binamu yetu Ochieng' ameshakuja ili tuondoke pamoja, Baba alizunguka nyuma ya nyumba kuuaga mti wake. Tulimchungulia. Aliinua tawi lililoelemewa, akaliwekea fito yenye panda kuliegemeza, akapapasa pichi moja lililoanza kuwa jekundu shavuni. Kisha akainua macho. Juu ya ua vilikuwa vimejipanga vichwa vya watoto wote wa mtaa, wamekwisha kuwahi nafasi.

"Safari njema, Baba Odhi!" wakaimba kwa pamoja, kwa furaha ya kweli kweli.

Baba alirudi mlangoni, akachukua sanduku, akaliingiza ndani. Akamwambia Ochieng' atangulie peke yake. "Mwambie mama yangu kuna mmoja huku ananitegemea. Siwezi kumwacha saa hii."

Mama alikuwa ameshika mlango. Aligeuka haraka akaenda jikoni, na tukasikia anaimba. Krismasi ile tulikula mapichi hadi tukayaota. Tuliwapelekea majirani kwa sufuria, na wale wa juu ya ua tuliwaita ndani wakala wakiwa wamekaa, kama wageni wa heshima.

Lakini Ochieng' alifikisha ule ujumbe neno kwa neno, na Dani aliusikia jinsi ambavyo mama yeyote angeusikia. Kabla ya mwaka mpya akatokea Pioneer, vumbi la safari usoni, jogoo kwapani. Hakusalimia mtu.

"Yuko wapi?" alimuuliza Baba kwa Kijaluo.

"Nani, Mama?"

"Huyo mwanamke anayekutegemea."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Baba alimshika Dani mkono, akampeleka nyuma, akamwonyesha mti. Dani aliuzunguka. Alimkabidhi Odhiambo jogoo, akachuma pichi, akang'ata, maji yakamteremka hadi kwenye kiwiko, na akala lote bila kupumzika. Tulingoja acheke. Aliiangalia kokwa kiganjani.

"Kumbe umehama, mwanangu," akasema.

Dani akafuta mkono kwenye leso, akaunyoosha tena mtini. "Nichumie na lile la juu."

Siku hizi Pioneer ni magorofa na boda boda. Ile miti mitatu ilizeeka, Mama akawa anapanda vijiti vipya, watoto wa miti hiyo, mahali pake, Julai baada ya Julai, na vingine akagawia mtaa mzima vikiwa uchi hivyo hivyo ndani ya gunia. Sasa uwanja wetu umemwagiwa simiti na magari yanaegeshwa hapo. Vijana wetu pichi wanalijua kama ladha ya juisi ya pakiti. Juzi nilimwonyesha mpwa wangu mche wa namna ile, akaupiga picha, akaniuliza, "Aunty, si hii ni stick tu? Hii si ilidedi kitambo?" Nikamwambia angoje. Lakini kungoja nako wameacha. Kitu kisipofunguka mara moja wanatikisa simu. Sisi tulingoja miaka mitatu kwa tunda, na kila asubuhi ya miaka hiyo tuliamka tukikimbia.

Baba tulimlaza kule ziwani, karibu na Dani, kama alivyotaka. Mama anaishi huko sasa, katika boma lake, na watu wake wamemzunguka. Wiki iliyopita alinipigia simu, akanilalamikia joto, akauliza habari za wajukuu. Kisha akasema, "Na huko nyumbani, baridi imeanza?"

Nilikuwa nimesimama kwenye roshani, gorofa ya tatu, Eldoret.

"Imeanza, Mama."

"Basi miti yangu inamwaga majani."

Habari ya ile simiti hakuna aliyewahi kumwambia. "Inamwaga, Mama," nikasema. "Imelala."