Dobi Anayefungua Kurasa za Sonata

Saa nne asubuhi, dobi anazima pasi, anafuta mikono kwenye aproni na kuvuka barabara hadi ukumbi wa muziki. Binti yake ameshakaa kwenye piano, mwalimu wake pembeni. Dobi anasimama mlangoni kama mgeni. Hajui kama leo ataitwa kumfungulia binti kurasa za noti anapopiga, au ataambiwa akae nyuma asikilize tu.

Chanzo ni mwaka jana. Sonata hizi, tungo ndefu za piano za zamani, zina desturi yake: kipande cha kwanza kikifika mwisho, hurudiwa chote, na mfungua kurasa hurudi nyuma. Dobi, aliyekuwa mfungua kurasa siku hiyo, kwa kiherehere akafungua mbele, tena mbele ya waamuzi wa chuo cha muziki. Binti akapotea, akaacha kupiga, akatoka analia. Nafasi ya chuo ikaota mbawa.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema dobi. "Na mtoto hakunisema hata neno. Hapo ndipo paliponiuma."

Tangu hapo binti alifungua kurasa mwenyewe. Mama naye akamganda mwalimu kama ruba mpaka akaelewa muziki ule unavyokwenda.

"Ni nyimbo mbili, zichukulie kama watu wawili," anaeleza. "Mmoja mkali, mmoja mpole, kila mtu na kwake. Unasikilizishwa mara mbili usije ukawasahau. Halafu katikati, weee! Vurugu, wanahama nyumba hadi nyumba. Mwisho wanarudi, na safari hii yule mpole amehamia kwa mwenzake."

Kama ndoa? anaulizwa.

"Ndoa gani hiyo inayoisha vizuri hivyo?" Anacheka hadi anashika mbavu.

Kesho binti anarudi mbele ya waamuzi walewale, na mwalimu amejitolea kumfungulia kurasa. Leo ni mazoezi ya mwisho. Binti anageukia mlangoni.

"Mama, mbona umesimama? Njoo ukae."

Dobi anakaa kando ya piano, mahali pa mfungua kurasa. Muziki unaanza. Kipande cha kwanza kinafika mwisho. Anashika karatasi, anarudisha nyuma. Binti anaendelea kupiga bila kukosa hata noti moja.

Wanapomaliza, binti anamgeukia mwalimu. "Nashukuru sana, mwalimu. Lakini kesho kazi hii ina mwenyewe."

Dobi anajifuta machozi kwa aproni, hajali nani anamwona.

"Kesho sifungui duka, wenye nguo zao watanisamehe," anasema. "Na akichaguliwa, kila likizo atanifundisha kupiga. Walau ule wimbo mpole. Ule mkali namwachia yeye."