Tuliyemdhani Bunju

Mama alikuja Birmingham, Uingereza, kunitazama nikijifungua mtoto wangu wa kwanza, na hata hajakaa sana akaanza kuulizia tikiti ya kurudi Unguja. Baridi, anasema. Koti alikataa kununuliwa, maana akishavaa koti ndiyo amekubali kukaa. Akawa anashinda sebuleni kwetu, mtaa wa Nechells, kanga juu ya kanga, kajibanza na hita. Na mie tumbo hilo, siku zimekaribia. Nani angenikanda? Nani angenipikia uji wa pilipili manga? Nilikuwa na hofu, na hasira pia, wallahi.

Jumamosi moja nikamwambia twende mjini tukaangalie samaki. Kwa samaki, Mama hana ubishi. Kuingia tu kwenye jumba la matangi ya vioo ya samaki hai, akawa mtu mwingine kabisa. Kila kioo alikuwa na neno: huyu wa kupaka, huyu wa kukaanga, yule miba mitupu. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Kwenye tangi moja dogo kulikuwa na kisamaki cha mviringo, hakizidi ndimu, mwili vijinundu vitupu, macho yamekitoka. Mama akanivuta mkono.

"Bunju! Usimtazame na tumbo hilo!"

Kwetu sumu ya bunju humaliza nyumba nzima kwa mchuzi mmoja. Binti mfanyakazi wa pale akaja mbio, akidhani nimeshikwa uchungu. Nilipomweleza akacheka, akasema huyu si bunju. Kwao ni Pasifiki ya kaskazini, kuanzia pwani ya juu ya Marekani, Alaska, hadi upande wa Urusi na Japani, kwenye maji ya baridi kali. Kuogelea kwenyewe hajui sana, ila chini ya tumbo ana kidude cha duara cha kunatia, akishashika jiwe hatoki.

Nikamfasiria Mama, hakuamini. Akaweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa upesi kwa baridi. Mara kisamaki kikaja, kikajibandika papo hapo, na ile duara ya tumboni tukaiona waziwazi! Mama akainama, pua karibu igonge kioo.

"Kidogo hivi," akasema, "na baridi yote hii."

Njiani akawa anajifunika kanga zake hadi kituo cha basi. Nikajua anawaza tikiti.

"Makoti yanauzwa wapi?" akauliza. "Nataka zito, la kunifikisha arubaini ya mtoto."

Nikalia pale pale kituoni, naye akanigombeza kwa kumtia baridi mjukuu wake.