Mama wa Simu na Mzee wa Kindu

Ukoo wa Tambwe umetawanyika, lakini hakuna posa wala matanga yanayopita bila mama wa simu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi. Huiegemeza simu yake kwenye kopo la maziwa, akafuta kioo kwa pindo la kitenge, kisha akaanza kuwaita kwenye video kwa umri: mzee wa Kindu, kule Kongo, kwanza, ndipo ndugu wa Lilongwe, na vijana wa Ulaya mwisho, hata kama mtandao wao ndio mzuri. “Batoto bangoje,” husema. “Bakubwa njo ba kwanza.” Anayepayuka humzima sauti. Anayelia humwacha alie.

Jana walipanga arobaini ya mke wa yule mzee. Walipokwisha kuagana, nyuso zikatoweka moja moja, ikabaki simu ya mzee, ambaye hajui kukata. Alikuwa ameilaza mezani, inaonyesha bati tupu la paa. Kidole cha mama wa simu kilifika kwenye kitufe chekundu, kikarudi. Akavuta ungo, akachambua mboga, akisikiliza kikohozi cha mzee na redio yake.

“Bote balishaenda?” mzee akauliza.

“Bote, baba.”

“Na we?”

Akalisogeza kopo karibu. “Mi niko.”