Florin mbili, kovu moja: nilivyomshuku mtaalamu niliyeandika naye katalogi ya mnada

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi za watu na kupita. Leo acha niwape yangu. Majina nimebadilisha, mengine yote yalitokea nikiwepo.

Naishi Kaaga, Meru. Nilisoma history, kazi ya ualimu ikakosekana, nikaanza kupiga picha za harusi. Hapo ndipo nikajuana na Hassan, mzee wa makamo wa hapa Meru town. Kwao ni masonara tangu babu yake, lakini yeye aliacha dhahabu akaingia kwa sarafu za zamani.

Kuna kampuni ya mnada Nairobi humpa kazi ya kuandika katalogi yao. Mimi napiga picha na kuandika maelezo.

Watu hudhani katalogi ni picha na bei. Sarafu moja inaweza kula siku nzima. Unapima uzito na upana, unapitisha lenzi kwa ukingo, unalinganisha na picha za zile ziliuzwa zamani. Halafu unamuuliza mwenyewe: hii ilitoka kwa nani, na ikafikaje kwako?

Hapo kwa historia ndipo watu hudanganya sana. Sarafu yenye story ya familia hupendwa kuliko ile haina kwao.

Hassan alikuwa na sheria moja. Picha kwanza, kabla yeye hajaigusa.

Sasa, akaja mkulima wa viazi kutoka Kibirichia, tumuite Kirimi. Alileta florin, ile pesa ya fedha ya East Africa iliyotumika muda mfupi kati ya rupia na shilingi. Mfalme upande mmoja, simba upande wa pili. Kuipata ikiwa safi vile ni ngumu. Alisema aliachiwa na babake. Nikaandika hivyo, Hassan akaiweka kwa sefu.

Wiki chache baadaye tukaitwa Karurumo, upande wa Runyenjes. Bibi mmoja mzee, Cucu Wanjira, mjane wa mwalimu, alitaka kuuza florin ya marehemu ili atengeneze paa. Alitukaribisha na chai. Kijana wake Nyaga, mtu mzima wa kufanya biashara zake, alisimama mlangoni na hakutaka kukaa.

Alisema wazi kwamba watu wa sarafu hubadilisha vitu vya wazee. Akamwambia mamake afunge hiyo kitu kwa kitambaa na sisi twende zetu.

Nilipiga picha zangu kwa dirisha. Halafu Cucu akaniita jikoni nimsaidie kubeba vikombe, Nyaga akatoka kuongea na simu. Hassan akabaki peke yake na ile sarafu.

Niliporudi, sura yake ilikuwa imebadilika. Alimuuliza Cucu kama sarafu imewahi kutoka kwa hiyo nyumba. Cucu akasema hapana. Hassan akairudisha kwa kitambaa, akasema, "Mama, hii sitaiandika leo."

Tukarudi Meru. Nikaanza kujiuliza. Kwa nini asimwambie mama wa watu alichoona? Au anataka akate tamaa, halafu atume mtu ainunue kwa bei ya kutupa? Hiyo michezo iko kwa hii biashara, wakuu, nimeisikia.

Nyumbani nikafungua picha kwa kompyuta. Nikaweka florin ya Karurumo kando ya ile ya Kibirichia.

Chini ya sikio la mfalme kulikuwa na mkwaruzo mdogo, umepinda kama ndoano. Kwa zote mbili. Mahali pamoja, urefu sawa.

Sarafu mbili haziwezi kuumia ajali moja. Moja ilikuwa imetengenezwa kutoka kwa nyingine. Na ni nani alikuwa na ya Kirimi kwa sefu wiki hizo zote? Nani alizaliwa kwa masonara? Nani aliachwa peke yake na ya Cucu?

Kesho yake niliingia ofisini na laptop nikaiweka mbele yake. Sikusalimia. Nilimwambia kama amemuibia yule mama, jina langu halitakuwa kwa hiyo katalogi.

Hakukasirika. Alisema tu, "Picha ya Karurumo ulipiga kabla sijaishika. Iangalie vizuri."

Nikaikuza. Nywele za mfalme zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika. Kwa ukingo, mstari mwembamba ulizunguka, pale nusu mbili za kalibu ya kumiminia fedha zilipokutana, na mtu alikuwa amejaribu kuusugua na tupa. Ilikuwa kopi kabla tuingie kwa ile nyumba. Ya Kirimi ndiyo ilikuwa halisi. Hassan alisema hakutaka kumwambia mama kabla ajue nani aliibadilisha.

Wakuu, niliona haya, lakini shaka yangu haikuisha. Ilihamia tu kwa mwingine.

Tulimpigia Kirimi. Alizungukazunguka, mwishowe akakubali hakuachiwa na babake. Alikuwa ameambiwa story ya familia huongeza bei. Aliinunua kwa kijana wa Embu anayekuja na pickup kununua viazi vyake.

"Anaitwa Nyaga," akasema.

Tulirudi Karurumo sisi watatu na ile florin halisi, Kirimi akiwa na hasira zake. Hassan alimuita Nyaga nyuma ya zizi. Hakukana. Biashara ilikuwa imemlemea, fundi mmoja akamtengenezea kopi ya kuacha kwa nyumba, naye akauza ya kweli akidhani mamake hataiuza yake maishani. Hakuwaza habari ya paa.

Cucu alikuwa ametufuata, amesimama kando ya nyasi za ng'ombe. Alikuwa amesikia yote.

Alimuomba Hassan ampe ile halisi. Akaishika kwa kiganja muda mrefu. Hakumwangalia kijana wake.

"Iuzwe," akasema. "Huyu wa Kibirichia arudishiwe pesa zake kwanza. Lakini kwa hicho kitabu andikeni ilikuwa ya mwalimu. Jina la huyu msiandike."

Kirimi alikubali. Kwa njia ya kurudi alisema angetaka kwenda polisi, ila ameshindwa vile atamwangalia yule mama usoni.

Usiku huo niliandika ile sehemu ya historia mara nyingi nikifuta. Mwishowe Hassan akapitisha hii: Mali ya mwalimu wa Karurumo, Embu, baadaye mkulima wa Kibirichia, Meru, inauzwa kwa makubaliano ya familia zote mbili.

Ni ukweli mtupu. Na mnunuzi akiisoma hatajua Cucu alilia au hakulia.

Nilichojifunza: mwenye kupiga kelele za wizi msikilize, lakini pia muulize anajuaje. Na ukimshuku mtu, anza na ushahidi ulio mkononi mwako kabla ya ukoo wake. Ile picha nilikuwa nayo tangu mwanzo.

Siku hizi nikisoma katalogi yoyote, macho yangu huenda pale kwa neno "baadaye". Najiuliza ni nani amefichwa hapo.

Haya, semeni. Mngekuwa nyinyi, jina la Nyaga mngeliandika?