Tai Iliyokaa Kabatini

Waswidi wana desturi: mwanamume akimzika mtu wake wa karibu kabisa huvaa tai nyeupe. Wengine wote huvaa nyeusi. Nilikuwa nimetunza wazee Stockholm miaka mingi, nikawasindikiza wengi makaburini. Siwezi kusema sikujua.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na saba. Tulikaa Rissne, pembeni mwa jiji, watatu: mimi, baba yake na yeye. Majira yote ya baridi alikuwa akitoka shule anapitiliza hospitali kumwona mwenzake wa darasani, kijana wa Kiswidi mwenye kansa ya damu. Nilijivuna. Niliwaambia kina mama wa kwaya, "Wangu mimi anatembelea wagonjwa." Mmoja akanitania, "Basi huyo padri, dada. Anza kumshonea kanzu." Tukacheka, kisha tukamwombea mgonjwa.

Kijana yule alifariki mwezi wa tatu. Mama yake akanipigia simu. Aliomba mwanangu akae nao benchi la mbele, avae tai nyeupe. Alisema watoto wale walikuwa wakipendana, na yeye alijua tangu kiangazi. Nikasema asante, nikakata simu, nikaendelea kuchambua mchele.

Jioni mwanangu akarudi na tai yenyewe, mama yule amempa, imekunjwa kwenye karatasi laini.

"Ni kweli?" nikamwuliza.

Siku zote alinijibu kwa Kiswidi. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili. "Nampenda, mama."

Hakusema "nilimpenda".

"Utavaa nyeusi. Wewe si ndugu yake. Kina mama wa kwaya wanakuja, watauliza."

Baba yake alikuwa kwenye kochi. "We mama, mwache mtoto avae tai yake."

"Basi Jumapili ukaimbe nao wewe," nikamjibu.

Nilimfunga ile nyeusi mimi mwenyewe, maana hakujua kufunga. Alinyoosha shingo kama mtoto anayepakwa dawa. Kanisani benchi la mbele baba na kaka wa marehemu walivaa nyeupe, wangu nyeusi. Mama yule aliitazama tai, akanitazama na mimi kule nyuma, kisha akamshika mwanangu mkono mpaka mwisho wa ibada. Kina mama wa kwaya hawakuuliza kitu. Walisema tu, masikini, amemlilia sana rafiki yake.

Hatukugombana. Ila Kiswahili alikiacha kabisa nyumbani, na alipokuwa mtu mzima akahamia Farsta. Alikuja kuishi huko na mwenzake, mwanamume kama yeye. Baba yake alikuwa akienda kula nao Jumamosi, anarudi ananisimulia walichopika. Mimi mlango ule sikuwahi kuuvuka. Mara nyingi nimetaka kusema ni baba yake aliyekataa tai ile. Watu wangeamini, wanaume ndio wanaosemwa. Lakini nilikuwa mimi.

Miaka saba baada ya mazishi yale, moyo wa baba yake ulisimama. Asubuhi ya kumzika, mwanangu alikuja Rissne amevaa suti na tai nyeusi.

"Mbona nyeusi? Ni baba yako huyu."

"Sikujua kama nahesabiwa," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kwa Kiswahili.

Nikaenda kabatini. Ile tai nyeupe ilikuwa chini ya vitenge, ndani ya karatasi ileile. Nikaipiga pasi, nikarudia, mkunjo haukutoka. Alipoiona aliitambua.

"Hii ilikuwa ya kumzikia yeye."

"Najua."

Akavua ile nyeusi, akanyoosha shingo. Alikuwa amenizidi urefu, ikabidi ainame. Nikamwuliza mwenzake yuko wapi. Akasema yuko chini, kwenye gari.

"Mwambie apande. Atakaa na sisi mbele."

"Yeye amevaa nyeusi, mama."

Nikarudi kabatini, nikapekua tena chini ya vitenge, ingawa nilijua nyeupe ilikuwa moja tu.