Kipandio Kilichozikwa

Miaka kumi na moja Ludivina Sarte aliwasomea watu wa Manila hali ya hewa kwenye televisheni, na sauti yake haikutetereka hata vimbunga vilipong'oa mapaa. Walipomtoa wakaweka sura changa, akawa dalali wa nyumba. Watu walimcheka: wee, nyota kabeba funguo! Lakini nyumba aliziuza, tena sana.

Jumamosi hiyo alikuwa anauza nyumba ya baba yake mwenyewe, kule Marikina. Mzee Isidro, fundi viatu mstaafu, magoti yalikuwa yamekwisha na alikuwa anahamia kwa Ludivina. Ombi lake lilikuwa moja tu.

"Mpe mtu atakayeishi humu, mwanangu. Ile kampuni inayokitaka kiwanja itaibomoa nyumba. Ngazi hii niliipiga randa mwenyewe, mama yako kanishikia taa."

Wakaja wanunuzi, Efren na mkewe Nimfa, na watoto wao watatu wakaanza palepale kugombania vyumba. Nimfa aliligusa jiko, macho yakamlowa.

"Dada Ludivina, ni hapa hapa."

Kisha, kama mke yeyote wa pale mwenye akili zake, akaenda kuihesabu ngazi.

"Oro, plata, mata," akapanda taratibu. Dhahabu, fedha, kifo, kila kipandio na neno lake, na la kipandio cha juu ndilo bahati ya nyumba. Mguu wa mwisho ukatua juu. "Mata."

Ludivina akaitoa ile sauti ya televisheni. "Anzia kimoja chini, dada. Viko kumi na tatu. Cha kwanza kiko chini ya saruji, tuliinua sakafu baada ya mafuriko."

"Mmezika ngazi?" Nimfa akajishika kifua. "Efren, ita watoto!"

"Jamani, ni imani tu," Ludivina akasema.

"Imani tu? Wewe ungelaza wanao humu?"

Wakaondoka, mtoto wa mwisho akilia kwamba anataka chumba chake.

Mzee Isidro alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. "Kosa langu," akasema. "Nilihesabu vibaya."

Uongo mtupu, na Ludivina alijua. Mwaka ule wa mafuriko, mama akiwa na wiki moja tu kaburini, baba alimpigia simu studioni. Mafundi wanachanganya saruji, mwanangu, kichwa changu hakitulii, nihesabie: tukifunika kimoja tunaishia wapi? Yeye alikuwa anapakwa poda, dakika mbili aingie hewani. "Oro, Tatay, endeleeni," akasema, na hakuhesabu chochote.

"Ni mimi, Tatay." Sauti ikamkatika kabisa, akalia kama mtoto. "Sikuhesabu. Nilikujibu tu."

"Najua. Nilihesabu jioni ileile, saruji bado mbichi."

"Sasa mbona hukuwaambia waitoe?"

Mzee akampapasa kichwa. "Ulikuwa kwenye televisheni. Majirani wamekuja kumwombea mama yako, wote wametulia wanakusikiliza. Fundi akaniuliza, mzee, una hakika? Nikamwambia, binti yangu ameshasema. Ningewaambiaje kwamba umekosea?"

Jumatatu Ludivina aliipigia simu kampuni. Wakaja na kamba zao, wakapima kiwanja kutoka ukuta hadi ukuta. Ngazi hawakuihesabu.