Niliandika "Imeshika" kwa Chanjo Isiyo na Dawa

Ndugu Mhariri, naomba ufiche jina langu, na kijiji usikitaje, sema tu ni upande wa Kibakwe. Ugogo ni nchi pana lakini habari zake zina miguu. Umri wangu siujui sawasawa. Mama husema nilizaliwa mwaka wa nzige, na mwalimu wa misheni alipiga hesabu akaniandikia ishirini na nne. Sijaoa. Mimi ni karani wa muuguzi wa boma, yule anayezunguka vijijini kuwachanja watu ndui. Muuguzi huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na ndiye aliyembembeleza baba hadi nikaacha kuchunga ng'ombe nikaenda shule. Basi mjue ninamsema mtu wa namna gani.

Masika yalipokwisha tulitumwa na chupa ya dawa. Dawa ile haitaki joto. Huviringishwa kitambaa kibichi, na sharti ifike upesi. Njiani shemeji akakutana na rika lake kwenye pombe ya arusi. "Kesho tutakaza mwendo," akasema. Tukalala siku tatu. Chupa ilining'inia kwenye nguzo, kitambaa kikakauka, jua likaipiga. Tulipoifungua ilikuwa imeharibika na inanuka. Nikamwambia turudi boma tukaombe nyingine.

"Turudi tukamwambie nini Bwana Daktari? Kwamba tulikuwa arusini?"

Akaimwaga, akachemsha maji, akajaza chupa.

Kijijini wazee hawakutukubali mara moja. Kwetu mtu akileta dawa ngeni huanza na mtu wake mwenyewe, na hilo shemeji alilisahau kwa sababu ya haraka. Mzee mmoja akamsalimu kwa heshima, "Mbukwa, mganga," kisha akasema, "Kama dawa yako ni njema, anza na damu yako." Na damu yake ilikuwapo palepale. Binti yake wa miaka mitatu alikuwa ameachishwa ziwa na kuletwa kukaa kwa bibi yake, yaani mama yangu. Shemeji akanitazama. Mimi nikainamia daftari. Akamchanja binti yake kwa maji, watu wakaona, wakapanga mstari na watoto wao.

Siku ya nane tulirudi kukagua. Chanjo ikishika, mkono huvimba na kutoa lengelenge. Hakuna mkono hata mmoja uliotoa. Shemeji akaniambia, "Andika imeshika." Nikaandika, jina kwa jina, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mwalimu alikuwa akiusifu.

Sasa ndui imeingia kwenye kambi ya watu wanaojenga reli. Zamani habari kama hiyo ikifika, wazee wetu hukata miiba wakaziba njia. Hatoki mtu, haingii mtu. Safari hii sikuona mwiba. Nilimuuliza yule mzee, naye akanicheka. "Miiba ya nini, mjukuu wangu? Si tumechanjwa? Wewe mwenyewe ulituandika." Wanawake wanapeleka maziwa kambini kila asubuhi, watoto wanawafuata nyuma.

Nilimwendea shemeji. Akasema dawa mpya ikija atawachanja upya, nisimsumbue. Lakini dawa itoke wapi? Daftari langu linasema kijiji kile kimekwisha kuchanjwa, na boma linaamini daftari.

Yuko Daktari Mkuu huko Dar es Salaam, ndiye aliyempa shemeji cheti na ndiye awezaye kumnyang'anya. Barua yake nimeiandika, imo sandukuni. Nimeitoa na kuirudisha mpaka karatasi imechakaa. Naogopa, nasema kweli. Shemeji atalazwa chini apigwe viboko hamsa ishirini, kisha mnyororo, nami nitalazwa kando yake kwa sababu mkono ulioandika ni wangu. Wala mbele ya watu kijijini sina ulimi wa kusema. Nilikwenda kwa mama nikiwa nimeazimia. Akaniandalia ugali na mlenda, akaufunua mkono wa mjukuu wake anionyeshe zile chale, anafurahi. Nikala, nikaaga. Tangu hapo sikai mahali nikatulia, kazi naianza naiacha, watu wananiuliza kama nina homa.

Dada nilimwambia nusu tu, kwamba nataka kumshtaki mumewe kwa kazi mbovu. Akadhani ni ile pombe ya arusi.

"Pombe ndiyo ya kumtia mtu mnyororo? Wakimchapa mume wangu mbele ya wanangu, wewe utaingiaje tena kwangu? Watakuitaje mjomba?"

Akaendelea na kupepeta uwele wake, hasira zikampoa, akaniambia Jumapili anakwenda kumchukua binti yake kwa mama. Atapita naye kambini, kuna Mwarabu ameleta kanga nzuri. "Amechanjwa, hana neno," akasema. Hata hapo nilinyamaza.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Msemo huu naujua tangu utotoni na haujanisaidia kitu. Nishaurini wasomaji, mlio wazazi na mlio makarani kama mimi. Nipeleke ile barua, shemeji aliyenilea afungwe? Nianze kwa dada, au kwa wazee? Nitukaneni mkitaka, lakini mniambie la kufanya.

Ila najua gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, na leo ni Alhamisi. Majibu yenu yatanikuta jambo limekwisha kuwa. Nyumba ya dada yangu naiona kutoka hapa nilipokaa, moshi wa jiko lake unatoka. Nami nimekaa tangu asubuhi nawaandikia ninyi msionijua.